Digrii Mia Tatu na Ishirini

Ubao wa kuandikia wanaotoka kituoni ulikuwa umefutwa wote isipokuwa mstari mmoja, ambao hakuna aliyethubutu kuugusa. Uliandikwa kwa chaki, kwa mwandiko wa kusimama wima: Jumanne, saa mbili asubuhi, digrii 320, kilomita nne, kurudi saa kumi.

Leo ilikuwa Alhamisi, saa tatu.

Inspekta aliusoma mara ya tatu, kikombe cha chai kikimpoa mkononi. Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye sauti ya chini iliyowafanya watu wainame kumsikiliza. Kesi ya mtafiti aliyepotea ilimfikia alfajiri, baada ya watu arobaini kuzunguka kilimani siku nzima ya Jumatano bila kupata hata kofia.

"Kwa nini hakuandika jina la mahali anapokwenda?" aliuliza.

"Vilima vyetu havina majina, afande," alijibu Mkuu wa Kituo, mtu mrefu ambaye hakuwa amenyoa ndevu tangu juzi. "Zamani mmoja alikuwa anaandika 'kwenye mti mkubwa', mwingine 'kwa nyani'. Tukawa tunatafutana kama vipofu. Nikapiga marufuku. Sasa kila mtafiti anasimama hapa mlangoni kabla hajatoka, anaelekeza dira kule anakokwenda, anaandika namba anayoiona. Namba haina ubishi."

"Na hiyo namba inaangukia wapi?"

Mkuu alimwonyesha ramani ukutani. Mstari mwekundu ulitoka kituoni, ukapita kushoto kwa daraja lililo pale vijito viwili vinapokutana kabla ya kuingia baharini, ukaishia kwenye kilima cha kushoto. Ndiko walikokuwa wale watu arobaini, tangu saa kumi na mbili.

Kabla Inspekta hajauliza lingine, Karani wa kituo alimjia na daftari la wageni na sanduku dogo. Alikuwa mzee mtanashati, shati limepigwa pasi mpaka mikunjo inakata.

"Samahani, mama. Mgeni lazima avae beji. Ni mpya, nimezigawa Jumatatu. Hii unaibandika tu kifuani, inashika yenyewe. Haitoboi nguo."

"Hata polisi?"

"Hata angekuja rais mwenyewe, angevaa."

Inspekta aliibandika kifuani na kuelekea maabara.

Kituo kilikuwa nyumba moja ndefu ya bati. Kazi yao ilikuwa kuchunguza miteremko iliyo juu ya vijito, kujua upi umekaribia kuporomoka, maana chini yake kulikuwa na nyumba za watu. Aliyepotea ndiye aliyeijua kazi hiyo kuliko wote. Watu walimwita Mama Mawe, mama mkwe wake akiwa wa kwanza.

Ndani ya maabara mwanamume mnene alikuwa anafagia vumbi la miamba iliyosagwa. Lilikuwa limemjaa nyusi, masikio na mikono, na kwa sababu hiyo aliitwa Unga. Yeye ndiye aliyesaga na kupanga kila jiwe ambalo Mama Mawe alileta.

Inspekta aliangalia meza. Kulikuwa na sinia la mchanga mweusi kutoka kijitoni, na kando yake beji kama ya kwake, imeota manyoya meusi yaliyosimama.

"Hii yako?"

"Ni yangu, lakini humu sivai. Nikiinamia sinia tu, inaota ndevu kunizidi. Karani amenuna."

"Jumanne Mama Mawe alichukua vifaa gani?"

Unga aliacha kufagia. "Dira, nyundo kubwa, patasi, mifuko kumi na miwili ya sampuli, kamba fupi, biskuti."

"Na lile koleo?" Inspekta alionyesha koleo jembamba lililoning'inia ukutani.

"Lile ni la kuchimbia udongo. Hakulichukua."

"Kilima cha kushoto kina miamba?"

"Miamba? Afande, kule hata ukitafuta jiwe la kumfukuzia mbwa hulipati. Ni udongo na majani mpaka kileleni."

"Kwa hiyo amekwenda kwenye udongo na nyundo, akaacha koleo."

"Ndivyo nilivyomwambia Mkuu. Akanijibu namba haina ubishi."

"Labda aliandika uongo."

"Yule?" Unga alitikisa kichwa, vumbi likamwanguka mabegani. "Akikosea sentimita moja anarudi kilomita tatu kupima upya. Mimi nimemkataza, nimechoka kumkataza." Alisita. "Lakini huko mjini wanasema mengine. Muulize shemeji hapo nje. Ameshayasikia yote."

Shemeji aliyemsema alikuwa mume wa Mama Mawe. Alikuwa kinyozi, mwembamba, na kibanda chake alikifunga tangu Jumanne jioni. Alikaa kwenye ngazi za baraza, mfuko magotini: sweta la mkewe, viatu vya kubadili, chupa ya dawa ya maumivu. Inspekta aliketi ngazi moja chini yake.

"Jana hukwenda kilimani na wenzako."

"Nilikwenda."

"Ulionekana nyuma ya kilima. Kwenye nyumba ya wageni."

Kinyozi aliukunja mdomo wa mfuko, akaukunjua. "Mteja wangu mmoja aliniambia, 'Ndugu yangu, kule hakuna mawe. Kuna vitanda.' Nikaenda nikauliza chumba kwa chumba. Hawajamwona. Siku ile wala nyingine yoyote."

"Ulikuwa unamtafuta mke aliyepotea, au mke aliyekukimbia?"

"Nusu kwa nusu," alisema.

"Mligombana?"

"Jumatatu, kwa sababu ya chumvi kwenye maharage. Huo ni ugomvi wa kumfanya mtu ahame?"

"Nimeona wa chini ya hapo," Inspekta alisema, akainuka. "Kaa karibu. Nitakuhitaji."

Aliyebaki alikuwa Dereva. Konstebo aliyefuatana na Inspekta alimweka jikoni, kwenye kiti kilichotazama ukuta, kwa sababu yeye ndiye mtu wa mwisho kumwona Mama Mawe. Aliyasimulia maelezo yake kwa mara ya nne bila kukosea hata neno, na hilo ndilo lililomfanya Inspekta asiyapende.

"Nilimshusha dada darajani. Nikangoja, kama kanuni inavyotaka. Akavuka, akashika njia ya kushoto, akanipungia mkono. Ndipo nikageuza gari."

"Kutoka hapa mpaka darajani ni muda gani?"

"Dakika ishirini."

"Kutoka darajani mpaka zahanati?"

Dereva aliugeuza uso kutoka ukutani. "Zahanati ipi?"

Inspekta aliweka mezani kadi ya kijani. "Konstebo ameiokota chini ya kiti cha mbele. Imepigwa muhuri Jumanne, saa tatu kasoro robo. Jina ni la mwanamke wa miaka sabini na miwili."

Bomba lilidondosha tone, likadondosha lingine.

"Ni mama yangu," Dereva alisema. "Ana presha. Alikuwa nyuma ya gari tangu asubuhi, nimemlaza ili Mkuu asimwone. Hatuna ruhusa kubeba mtu wa nyumbani. Nitafukuzwa, afande."

"Hilo la baadaye. Ulimwona Mama Mawe akishika njia ya kushoto?"

"Hapana."

"Alikupungia mkono?"

"Sijui. Alishuka, akasema, 'Mwahishe mama, mimi nitafika tu.' Nikageuza gari pale pale. Jioni nikakuta kila mtu anasema kushoto, ramani inasema kushoto. Nami nikasema kushoto. Niliona hakuna ubaya, maana nilidhani ni kweli."

"Watu arobaini wako kushoto kwa sababu ya mambo mawili," Inspekta alisema. "Ubao na wewe. Wewe umeshaondoka. Umebaki ubao."

Alimwita Unga mlangoni. Kutoka hapo bonde lote lilionekana: daraja katikati, kilima cha kijani kushoto, na kulia genge la mwamba wa kijivu lililopasuka pasuka, kijito kikipita chini yake. Juu ya vilima mawingu yalikuwa yameanza kukaa, mazito, rangi ya masizi.

"Hiyo mvua itafika saa ngapi?"

"Huku chini mchana. Huko juu labda imeshaanza. Vijito hivi ni vifupi na vina mteremko mkali, afande. Ikinyesha kileleni, baada ya saa moja maji yamejaa mpaka kingo, hata kama wewe huku unaanika nguo."

"Nionyeshe anavyofanya mtu kabla ya kuandika."

Unga aliichukua dira ya akiba, akasimama kizingitini, akaishika usawa wa kifua. Aligeuka pole pole mpaka akapata digrii 320. Pua yake ilielekea kilima cha kijani.

"Unaona? Kushoto. Sipendi, lakini ndivyo."

"Nipe."

Inspekta alisimama mahali pale pale, akaishika vile vile. Aligeuka, macho kwenye dira tu, mpaka sindano ikatulia kwenye 320. Alipoinua uso, mbele yake lilikuwepo genge la kijivu.

Unga alicheka. "Umepitiliza, afande. Wengi siku ya kwanza..."

"Soma namba."

Unga alichungulia juu ya bega lake. Kicheko kilimkatika. "Mia tatu na ishirini," alisema. "Haiwezekani. Mimi na wewe tumesimama kwenye kigae kimoja."

"Mmoja wetu ana kitu ambacho mwenzake hana."

Alianza na saa ya mkononi, akaivua. Sindano haikujali. Akatoa funguo mfukoni, akampa Unga. Sindano ilibaki pale pale. Kisha akanyoosha mikono mbele kadiri ilivyofika, ili aione dira vizuri, na sindano ikaondoka yenyewe, ikaenda zake. Akairudisha kifuani. Ikarudi. Akaipeleka tena, akairudisha tena, kama mtu anayebembeleza mtoto.

Unga alikuwa ameshaitazama beji.

"Ndevu," alisema kwa sauti ndogo. "Ule mchanga mweusi una chuma. Na beji ina sumaku nyuma. Mungu wangu, nimeing'oa ndevu kwa mikono yangu siku tatu na sikuwaza."

Inspekta aliivua beji, akaiweka mbali, kwenye dirisha. Akapima tena genge la kijivu. Digrii tano.

"Karani," aliita. "Tangu Jumatatu, nani mwingine ametoka na dira?"

Karani alikuja na daftari lake. "Hakuna, mama. Wenzake wako semina wiki yote. Ni yeye peke yake."

"Alikuwa amevaa beji?"

"Nilimvalisha mwenyewe Jumanne asubuhi. Alitaka kuiacha mezani. Nikamwambia wageni kutoka makao makuu wanakuja..." Akawatazama wote wawili, kisha akatazama beji yake, akaivua kwa vidole viwili kama mtu anayemtoa mdudu. "Nilitaka zisitoboe mashati," alisema.

Mkuu alikuwa ameshatokea ofisini. Inspekta hakumlaumu mtu. Alichukua rula, akachora mstari wa pili kwenye ramani, kilomita nne kamili. Uliangukia kijito cha kulia, chini kabisa ya genge.

"Pale ndipo mwamba ulipo," alisema. "Na ndipo mtu huenda na nyundo. Hakudanganya. Alielekeza dira kule alikotaka kwenda, akaandika alichokiona. Waite watu wako."

"Huko nyuma ya kilima simu haishiki. Mpaka mjumbe awafikie ni mwendo wa saa mbili."

"Basi tunakwenda tuliopo, na mjumbe aende. Konstebo, mpe Dereva funguo za gari."

"Huyu ni mtuhumiwa, afande."

"Ni mtu aliyempeleka mama yake hospitali. Unajua kuendesha kwenye matope kumzidi?"

"Hapana."

"Mpe funguo."

Walikuwa watano: Inspekta, Konstebo, Unga, Kinyozi na Dereva. Gari liliachwa darajani saa tano kasoro robo. Kijito cha kulia kilikuwa bado kinafika vifundoni, maji yake safi. Unga alitangulia, akichechemea juu ya mawe, macho chini.

"Tazameni jiwe lenye makali," aliwaambia. "Maji huviringisha kila kitu. Kipande chenye makali hakijalala hapa wiki."

Konstebo ndiye aliyeokota cha kwanza, kigae cha kijivu kilichokata kama kisu. Juu yake kidogo, ukutani mwa genge, kulikuwa na kovu jeupe la nyundo, na pembeni namba kwa rangi nyekundu: 4.

"Mwandiko wake," Kinyozi alisema. Alikiweka kiganja juu ya namba ile, akakiondoa haraka.

"Kila anapovunja sampuli anaacha namba ukutani," Unga alieleza. "Ya tano iwe mbele."

Ilikuwa mbele. Ya sita pia, na ya saba, kila moja hatua mia mbili hivi juu ya mwenzake. Maji yalifika nusu ya muundi na yalikuwa yameanza kuwa na rangi ya chai ya maziwa. Inspekta aliyaona, akaongeza mwendo. Kati ya saba na nane walilazimika kushikana mikono. Namba tisa ilikuwa juu ya jiwe kubwa lililochongoka kama meno.

Namba kumi haikuwepo. Mbele ya tisa mteremko ulikuwa umemeguka. Udongo mpya, mwekundu, ulikuwa umeteremka pamoja na miti midogo na kuziba nusu ya kijito.

"Mama Mawe!" Unga alipiga kelele. Genge lilirudisha sauti yake, kisha likanyamaza. Kinyozi naye aliita, mara mbili mfululizo.

"Nyamazeni wote," Inspekta alisema. "Mpeni nafasi ya kujibu."

Maji yalipita. Kokoto moja iliteleza. Halafu, kutoka nyuma ya udongo, chini, ikaja sauti ya chuma juu ya mwamba. Ko. Ko. Ko. Ikapumzika. Ko. Ko. Ko.

Kinyozi aliuvuka ule udongo kwa mikono na magoti kabla mtu hajamwambia asivuke.

Mama Mawe alikuwa ameketi kwenye rafu ya mwamba yenye upana wa mkeka, mgongo ukutani, nyundo mkononi. Mguu wa kulia ulikuwa umevimba na kupinda mahali pasipo na kiungo. Midomo ilikuwa imekauka na kupasuka. Maji ya kijito yalipita chini ya rafu kwa kimo cha shibiri mbili.

"Nilidhani mtafika kesho," alisema. "Maji yanapanda tangu asubuhi. Nimeyapima kwa kidole."

"Yanapanda kiasi gani?" Inspekta aliuliza.

"Kidole kimoja kila nilipohesabu elfu moja. Sasa hivi ni viwili."

"Basi tutaongea baadaye."

Walimfunga mguu kwa mpini wa nyundo na mikanda miwili. Dereva na Konstebo walikata miti miwili iliyoanguka na udongo, wakaipitisha kwenye mikono ya makoti yao, ikawa machela. Alipoinuliwa alilia mara moja, kwa nguvu, kisha akaomba radhi. Kinyozi alishika upande wa kichwa. Walivuka udongo, wakashuka pembeni mwa genge, Unga akitangulia kupima kila jiwe kwa mguu, Inspekta akikaa nyuma na kamba kiunoni.

Kwenye namba nane walisikia mlio kutoka juu, kama lori linalomwaga kokoto. Walipanda ukingo na kungoja. Maji yalipita hapo chini yao kwa wingi, mekundu, yakibeba matawi, na kwa muda mrefu hakuna aliyeweza kumsikia mwenzake. Yalipopungua kidogo, Inspekta aligeuka kutazama walikotoka. Rafu haikuonekana. Mahali ilipokuwa kulikuwa na maji tu, yanakwenda.

Waliendelea kwenye ukingo wa juu, polepole, mpaka daraja likaonekana na mbele yake watu wa kwanza wa lile kundi la arobaini, wanakimbia.

Konstebo na Dereva waliweka machela chini wapumue. Kinyozi alichutama, akamfunika mkewe lile sweta, akamnywesha maji kwa kifuniko cha chupa.

"Siku mbili," Mama Mawe alisema. "Mlikuwa wapi?"

"Walikutafuta kule kushoto."

"Na wewe?"

Kinyozi alifunga chupa. Aliifunga vizuri, akaijaribu kama imeshika. "Mimi nilikutafuta mahali ambapo sikupaswa kukutafuta."

"Wapi?"

"Nitakwambia nyumbani."

"Niambie hapa hapa," Mama Mawe alisema. Akautazama mguu wake, akamtazama mumewe. "Leo ukiniudhi siwezi hata kuondoka."

Inspekta aliwafanyia ishara wenzake. Wakasogea mpaka darajani, wote wanne, wakawapa mgongo. Nyuma yao Kinyozi alianza kusema, kwa sauti ya chini, na hakukatizwa.